Picha Iliyong'ang'ania Kioo

Bi Fremu alikuwa na kauli mbili alizowapa wateja wote, hata wale ambao hawakuuliza. Ya kwanza, maji ni adui wa picha. Ya pili, kazi yake hairudi. Fremu ikishavuka kizingiti chake, alisema, itarudi tu siku mwenye nyumba amepaka rangi mpya na anataka fremu ifanane na ukuta. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na thelathini na mitano kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akikata vioo na kugongomea misumari midogo, kwa hiyo alikuwa na haki ya kujisifu kidogo. Shida ni kwamba hakujua kidogo ni kiasi gani.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana lililotazama barabara. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kipande cha zulia kuukuu, maana kioo hakikatwi juu ya mbao tupu. Vioo vizima vilisimama ukutani vikiwa vimetenganishwa kwa magazeti, na kwenye kona mbao za fremu zilipangwa kwa rangi, kuanzia nyeusi hadi ile dhahabu ya bandia ambayo Bi Fremu aliichukia na ambayo watu hawakuchoka kuichagua. Chini ya dirisha alikaa fundi saa. Huyu aliomba kukaa hapo mwezi mmoja tu, kwa sababu ya mwanga, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Jumamosi moja asubuhi aliingia mwanamke amebeba kitu kilichofunikwa kwa taulo. Alikibeba kwa mikono miwili, kimelala sawasawa, ungedhani ni trei ya mayai.

"Hodi. Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ndani. Weka hapa mezani, taratibu."

Mgeni akajieleza kwamba ni mwalimu wa kemia kwenye shule ya sekondari isiyokuwa mbali na hapo, na tangu dakika ile hakuitwa kwa jina lingine ila Mwalimu. Alipofunua taulo, fundi saa aliinuka bila kukaribishwa akaja kuchungulia.

Ilikuwa picha ya studio, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa ukurasa wa daftari. Mwanamke kijana ameketi kwenye kiti cha mbao, mabega yamenyooka, midomo ameibana kama mtu aliyeambiwa asicheke naye anajitahidi kutii. Kioo kilichokuwa juu yake kilikuwa kimepasuka kutoka kona ya juu hadi chini. Ufa ulipita shavuni, na ulipofika shingoni ukatoa matawi.

"Mama yangu," alisema Mwalimu. "Juzi mafundi walikuwa wanapiga plasta upande wa pili wa ukuta, msumari ukachomoka. Nikasema si neno, nitabadilisha kioo mwenyewe. Lakini picha haitoki. Imeshika kioo."

"Imeshika wapi?"

"Karibu kote. Usoni hasa."

Bi Fremu aliinama akaitazama kwa ubavu, akitafuta mwanga. Picha iliyo huru huonyesha mstari mwembamba wa hewa kati yake na kioo. Hapa hapakuwa na mstari wowote. Palipokuwa na uso, weusi ulikuwa mzito na wa kung'aa, na huwezi kusema karatasi inaishia wapi na kioo kinaanzia wapi.

"Una nyingine yake?"

"Sina. Alifariki nikiwa na miezi mitano. Hii ndiyo niliyoachiwa." Kisha akaongeza upesi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na kila jirani: "Nimempiga picha kwa simu. Nimepata ufa, na dirisha langu, na kichwa changu kikining'inia ndani ya kioo. Na kumwacha hivi siwezi. Kila nikimsogeza, vipande vinasuguana. Angalia hapa shingoni. Jana mchubuko huu haukuwepo."

"Anika juani," alisema fundi saa. "Joto huachanisha kila kitu. Hata ndoa."

Bi Fremu alimkata jicho, naye akarudi kwenye saa zake. Kisha akaigeuza fremu ili aondoe ubao wa nyuma, akang'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo, na ubao ulipotoka akausogeza kwenye mwanga.

Kwenye kona ya ubao, kwa ndani, palikuwa na mraba mdogo wa penseli, na ndani ya mraba mwezi na mwaka. Mraba ule ulikuwa wake. Aliuchora kwenye kila kazi aliyoitoa, na mwaka ulioandikwa pale ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi.

Hakumkumbuka mteja wa siku ile, lakini mwaka ule aliukumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Karakana ilikuwa ya baba yake. Baba hakuwahi kuilaza picha moja kwa moja kwenye kioo. Kati ya viwili hivyo aliweka kadi nene aliyoikata katikati kama dirisha, ili uso wa picha usiguse kitu. "Picha nayo inataka kupumua," alikuwa akisema. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minane na majibu ya kila swali, aliona hayo ni mambo ya kizee. Kadi inakula nafasi. Kadi inafunika pembe. Wateja wanataka picha ijae fremu. Basi baba alipolazwa wiki sita kwa ajili ya mgongo, binti akashika usukani, na kwa wiki sita kila picha iliyotoka pale ilitoka imebanwa uso kwa uso na kioo. Watu walisifu sana. Baba aliporudi, kadi nazo zikarudi, na miaka michache baadaye Bi Fremu mwenyewe akaja kuelewa kwa nini. Tangu hapo hakuiacha kadi hata siku moja. Lakini zile za wiki sita zilikwisha kwenda, zilikuwa kwenye kuta za watu, zikinywa unyevu wa kila msimu wa mvua.

Aliulaza ubao kifudifudi chini ya meza, kidole gumba kikiwa juu ya ule mraba.

"Nani aliitengeneza?" aliuliza, na hapohapo akajichukia.

"Sijui. Babu ndiye aliyeipeleka. Fundi fulani asiyejua kazi. Hata kadi ya katikati hakuweka, na nimesoma kwamba ni jambo la kwanza wanalofundishwa."

Bi Fremu akausukuma ubao ndani zaidi kwa mguu. "Labda alikuwa bado mchanga," alisema.

"Labda. Sasa dada, huwa mnafanyaje?"

"Wenye busara huiacha ilivyo. Unaweka kioo kingine juu ya hicho, unakata fremu nene zaidi, unaomba Mungu. Wasio na busara huingiza wembe. Nimeyaona matokeo yao. Nusu ya uso inabaki kwenye karatasi, nusu inabaki kwenye kioo."

"Na maji?"

Bi Fremu alicheka, japo hakuwa na hamu ya kucheka. "Mwalimu, maji ndiyo yaliyomfikisha mama yako hapa."

"Ndiyo maana nayaulizia." Mwalimu alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye vioo vilivyosimama ukutani. "Nikuulize kitu. Vioo vyako viwili vikiloa vikiwa vimelaliana, unavitenganishaje?"

"Havivutwi. Ukivivuta vinakuvunjikia mkononi. Unakitelezesha kimoja juu ya mwenzake. Vikikataa, unavizamisha kwenye beseni, vinaachana vyenyewe."

"Sasa kwa nini viachane kwenye maji, na maji ndiyo yaliyovigandanisha?"

Bi Fremu aligeuka akavitazama vioo vyake. Miaka yote hiyo amezamisha vioo na hakuwahi kujiuliza. Fundi saa akaacha kukaza skrubu, maana siku ambayo Bi Fremu hana jibu haiji mara mbili.

Mwalimu akavuta kiti. Sasa alikuwa kwenye uwanja wake, na hata mabega yalimshuka kidogo. Alisema kwamba chembe za maji, molekuli, huvutana. Kila moja inamvuta jirani yake, na inakivuta kioo pia, kwa sababu kioo nacho kinaipenda. Matone machache yakibanwa kati ya vioo viwili yanashika huku na huku, na pembeni, panapokutana na hewa, yanajikaza yakawa na kitu kama ngozi, na ngozi ile ndiyo inayobana vioo visiachane. Ukivizamisha, hewa haipo tena pembeni. Ni maji matupu kila upande. Ngozi imekwisha, hakuna cha kubana.

"Na picha?"

"Picha za namna hii zina utando wa jelatini juu ya karatasi. Picha yenyewe imo ndani ya utando huo. Unyevu ukiingia, utando unalainika, unakilalia kioo. Ukikauka unabaki hapohapo. Hakuna gundi iliyotumika, dada. Ni molekuli za utando na za kioo zimekaribiana mno, zikaanza kuvutana. Kila mvuto mmoja ni dhaifu, hauwezi kushika hata vumbi. Lakini ni mabilioni kwa mabilioni."

"Kama umbea," alisema Bi Fremu.

"Haswa. Sasa maji yanakipenda kioo, na utando yanaupenda. Ukiyapa muda yatajipenyeza katikati. Yatakishika kioo kwa mkono huu na utando kwa mkono ule, na vile viwili havitashikana tena."

"Kama mama mkwe kati ya mume na mke."

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, na midomo yake ikafanya kama ile ya kwenye picha. Bi Fremu akatazama pembeni.

"Tatizo," Mwalimu aliendelea, "haya nayajua kitabuni. Sijawahi kuona yakifanyika. Na mikono yangu, tazama." Aliinyoosha juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka. "Darasani namimina asidi mbele ya watoto arobaini na haitikisiki."

Bi Fremu aliitazama mikono ile. Kisha akaenda ukuta wa nyuma, akaangua fremu iliyokuwa juu ya rafu ya rangi, akaipangusa vumbi kwa kiwiko. Ndani yake mwanamume mrefu alisimama kushoto akiwa ameshika rula ya mbao, na kulia kwake msichana mwembamba aliinua kipande cha kioo usawa wa uso, akimtazama mpiga picha kupitia humo kwa madaha yote ya dunia.

"Hii nayo imeshika," alisema. "Ya zamani kama yako, studio ileile kama sikosei. Tuijaribu hii kwanza."

"Ni nani hawa?"

"Baba yangu. Na huyo mwenye maringo ni mimi. Siku niliyokata kioo changu cha kwanza bila kukivunja."

"Una picha zake nyingine?"

"Ninazo." Ilikuwa kweli kwa namna fulani. Alikuwa nazo mbili. Katika moja baba ameangalia kando, na nyingine ni ndogo ya kitambulisho iliyogongwa muhuri kwenye paji la uso. Lakini hayo hakuyasema. Aliona huu ndio uungwana anaoweza kuufanya bila kulazimika kufungua mdomo.

Wakatafuta beseni bapa la plastiki angavu, la kuoshea vioo, wakalijaza maji yaliyochemshwa jana yake na kupoa. Mwalimu akatia tone moja la sabuni ya maji, akieleza kwamba sabuni inalegeza ile ngozi ya maji ili yaweze kuingia penye upenyo mwembamba. Kioo kikalazwa chini na picha ikiwa juu yake, mgongo wa karatasi ukitazama dari. Kisha wakakaa kusubiri.

Hakuna kitu kinachoonekana kwa saa nzima, na Bi Fremu si mtu wa saa nzima. Aliinua beseni, akachungulia kwa chini. Upande wa kulia, ukingo mweusi ulikuwa umeanza kutembea, maji yameingia upana wa kidole. Upande wa kushoto, kimya. Simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa binti yake akiuliza ufunguo wa kabati uko wapi, na Mwalimu akatoka kwenda kumweleza barazani.

Basi Bi Fremu akaitazama chupa ya chai iliyokuwa chini ya meza. Haikuwa na chai bado, ilikuwa na maji ya moto tu. Maisha yake yote maji ya moto yalikuwa yamemsaidia. Yalibandua lebo kwenye vioo, yalilainisha gundi iliyokauka kwenye fremu kuukuu, yalitoa rangi kwenye kucha. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini hakuna anayeikumbuka methali wakati mkono umeshashika kifuniko. Alimimina kidogo tu, upande wa kushoto.

Mwanzo ilionekana ameshinda. Kona ya karatasi ikainuka yenyewe, naye akatabasamu. Halafu ukingo wa picha ukakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Bega la baba likahama mahali pake. Rula ikapinda. Bi Fremu aliingiza kidole ili aushikilie uso usiondoke, na uso ukaja na kidole.

Mwalimu aliporudi alilitazama beseni mara moja tu. Alinyakua jagi la maji baridi akalimwaga lote humo, kisha akaona kidole cha Bi Fremu.

"Joto," alisema polepole. "Maji baridi jelatini inayanywa tu, inavimba. Ya moto inayeyuka. Ndiyo jambo la kwanza nililopaswa kukwambia, dada, na sikukwambia. Nisamehe."

Bi Fremu alikuwa analia, si kwa kwikwi, machozi yalishuka tu na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umebeba kilichobaki cha uso wa baba yake. Alikuwa ameuzoea uso ule ukutani kiasi kwamba kwa miaka hakuutazama, na sasa alitamani apewe hata dakika tano auangalie vizuri. Lakini lililomuuma zaidi ni yule mwanamke mwenye mikono inayotetemeka akimwomba yeye msamaha.

"Usinibebee mzigo," alisema. Akainama, akauchomoa ubao chini ya meza, akaugeuza. "Umeuona mraba huu? Ni wangu. Hakuna fundi fulani asiyejua kazi, Mwalimu. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikaona kadi ya baba ni upuuzi. Nimelijua hili tangu nilipoung'oa ubao na nimekuficha."

Mwalimu aliutazama mraba. Alisoma mwaka, midomo ikicheza, akihesabu. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Alichukua taulo akaanza kumfunika mama yake, kona moja, halafu ya pili.

"Una haki," alisema Bi Fremu. "Ila ukimpeleka kwingine, usimpe mtu mwenye wembe. Na joto lisimkaribie."

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni fundi saa aliposafisha koo. Alikuwa ameinama juu ya beseni, ile lenzi yake ya kazi ikiwa bado imebanwa jichoni.

"Samahanini," alisema. "Mzee sijui. Lakini huyu msichana anaelea."

Mwalimu alisimama, mkono kwenye mlango. Kisha Mwalimu akarudi, taulo mkononi, akachungulia. Upande wa kulia, ambako maji ya moto hayakufika, karatasi ilikuwa imejitenga na kioo. Kati yake na kioo uliweza kuona maji. Bi Fremu aliingiza mikono yote miwili akashika ukingo wa kioo.

"Karatasi ishikilie hapo kwa vidole viwili," alisema. "Usiinyanyue. Mimi nakitelezesha kioo."

Kioo kikatoka chini ya picha bila sauti. Walipoigeuza karatasi juu ya kitambaa, kushoto palikuwa peupe, madoa ya kijivu yaliyokuwa mtu. Kulia alisimama msichana mzima, kuanzia viatu hadi nywele, na kioo chake, na maringo yake. Hata vifungo vya gauni vilihesabika. Mwalimu akaketi. Alikaa hivyo muda mrefu, akimtazama yule msichana wa miaka kumi na minane, na Bi Fremu hakujua alikuwa anamwona kwa jicho gani.

"Tufanye leo," alisema hatimaye. "Nikilala na jambo hili sitarudi. Na ile chupa itoke nje."

Fundi saa akaibeba chupa akaenda kutengeneza chai barazani, na hakurudi mpaka alipoitwa.

Kwa picha ya mama walikwenda taratibu kama watu waliokwisha kuungua. Bi Fremu alibandika selotepu kwenye kioo kwa nje ili vipande visitawanyike, wakakizamisha. Mwalimu akawa mlinzi wa maji. Kila baada ya muda aliingiza kiwiko kama anayepima maji ya kuogeshea mtoto, na akiona yameanza kupata joto la chumba aliongeza baridi. Bi Fremu akawa mikono. Baada ya saa moja na nusu alikata selotepu ndani ya maji, akaanza na kipande kidogo cha pembeni, akakisukuma kwa ncha ya kidole. Kikaondoka. Cha pili kikaondoka. Cha tatu kikakataa, akakiacha, akaenda cha nne.

Kusubiri kulikuwa kurefu, na watu wawili hawawezi kukaa juu ya beseni moja bila kuzungumza.

"Ana ishirini na miwili hapo," alisema Mwalimu. "Mimi nina thelathini na minane. Nina wanafunzi niliowafundisha ambao sasa ni wakubwa kuliko mama yangu. Wakinipita njiani na watoto wao, namfikiria yeye."

"Unafanana naye ukicheka."

"Naambiwa. Lakini hapo hacheki, kwa hiyo sijui."

Bi Fremu alisogeza kipande kingine. "Mwalimu, naomba unisamehe."

"Bado nimekasirika, dada," alisema Mwalimu bila ukali. "Niliiangalia ile picha kila siku ikizidi kuwa nyeusi shavuni, nikidhani ni uzee. Kumbe ni kioo kinamla. Nitakasirika kidogo zaidi, halafu nitaacha. Endelea. Una mikono mizuri."

Kikabaki kipande kimoja, cha shavuni, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Saa tisa kilikuwa hakijasogea. Saa tisa na nusu hakijasogea. Bi Fremu alihisi vidole vyake vikitaka kufanya kitu, vidole vya mtu asiyejua kukaa, akaviweka chini ya makwapa. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Waliisikia chai ikinywewa barazani.

Saa kumi kasoro, Bi Fremu alikigusa tena, na kipande kikaenda kama vile hakikuwa kimeshika kamwe. Kiliteleza shavuni, kikapita sikioni, kikatoka nje ya picha, kikazama.

"Fumbua macho," alisema.

Uso wote ulikuwepo. Shingoni, pale vipande viliposuguana, palibaki mstari mweupe mwembamba kama uzi, na hiyo ndiyo iliyokuwa hasara yote. Wakamsuuza kwa maji mengine baridi. Ulipofika wakati wa kumlaza akauke, Bi Fremu alivuta kilichokuwa karibu, na wote wawili wakasema kwa pamoja, "Si juu ya kioo," kisha wakacheka mpaka fundi saa akaingia kuuliza kuna nini. Wakamlaza kwenye kitambaa cha pamba, uso juu.

Alipokuwa anakauka, Bi Fremu alikata kioo kipya. Alikata na kadi, pana, nyeupe, akapima mara tatu. Aliunganisha fremu ya mbao nyeusi, na kufikia saa kumi na moja kila kitu kilikuwa tayari mezani, kimepangwa kwa utaratibu wa kuwekwa.

Mwalimu alinawa mikono, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naweza kumgusa?"

Bi Fremu alikuwa amewapiga watu wengi vikofi vya mkononi kwa jambo hilo, wakiwemo maharusi. Uso wa picha hauguswi. Vidole vina mafuta.

"Kwa mgongo wa kidole," alisema. "Taratibu."

Mwalimu aliinama. Alimgusa mama yake shavuni, mahali ambapo kile kipande cha mwisho kilikuwa kimeng'ang'ania, akakiacha kidole hapo. Mkono wake haukutetemeka.

"Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa ananiinua nimbusu kabla ya kwenda shule," alisema. "Kila siku. Kilikuwa kioo, lakini mimi sikujua kioo. Nilijua tu kwamba mama yangu ni wa baridi. Wenzangu wakisema mama zao, mimi nilikuwa nafikiria ile baridi ya mdomoni."

Kidole kilikuwa bado palepale shavuni.

"Si wa baridi," alisema.

Bi Fremu alimsogezea kiti karibu na meza ili akae vizuri. Kadi na fremu akaviacha mezani. Kile kioo kipya peke yake akakichukua, akakirudisha ukutani pamoja na vingine.